Nondo za Mama Tausi Hazifutwi

Mikumi, Jumatano. Mvua ya alfajiri imepita mbio kama msafara wa mkubwa, imeacha bati za mtaa mzima zinameta. Mwanga wa kulilia. Na mimi sikupiga hata picha moja, kwa sababu nilikuwa nimeshika simu nagombana na mtu wa Morogoro.

Shajara, leo nimekataa ujiko. Mimi! Mtu ambaye nikipiga picha ya kuku, jina langu chini linakuwa kubwa kuliko kuku.

Ngoja nieleze taratibu, maana huwezi kujua nani amepotea njia akaingia kwenye blogu hii leo. Mimi ni Lenzi. Jina la kitambulisho lipo, nalitumia benki na kwenye misiba. Nimezaliwa Kimamba, nikawa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya masafa marefu. Nimelala Lusaka, nimeoga Lubumbashi, nimegombana na mtu Harare kwa lugha ambayo wote wawili tulikuwa hatuijui, na nikashinda. Wenzangu wakishuka kwenye lori wanatafuta ugali. Mimi natafuta jua linaingilia wapi. Kidato cha pili niliacha shule, au shule iliniacha, tulikubaliana tu kistaarabu. Lakini habari ya mwanga juu ya ukuta, leteni profesa yeyote, na aje na kiti chake kwa sababu tutakaa sana.

Sasa nina studio hapa nyuma ya stendi. Picha za pasipoti, harusi, kipaimara, maulidi. Hizo zinanilisha. Picha za majengo ndizo zinaniamsha alfajiri.

Mkabala na studio kuna nyumba ya Mama Tausi, yule mama anayeuza uji stendi kabla jua halijatoka, madereva wote wanamwamkia shikamoo hata wenye mvi. Nyumba yake ni ya tofali, ya chini, ila juu haina bati. Juu limemwagwa zege, na kwenye kila nguzo nondo zimesimama zikiangalia mbinguni.

Kwa msomaji wa mbali: kwetu, nyumba yenye nondo juu haijaisha. Mwenye nyumba anasema bila kufungua mdomo kwamba ghorofa inakuja. Inaweza kuja mwakani, inaweza kuja kwa mjukuu. Lakini imeshasemwa, na imesemwa kwa chuma.

Mama Tausi na marehemu mumewe walimwaga zege lile wakiwa wote wawili wamejaa vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwepo, nilipanga mstari na vijana wa stendi tukipandisha ndoo. Mume alifariki kabla hata ya kuanza ukuta wa juu. Siku ya arobaini, kaka wa marehemu, Mzee Kibwana wa kule Ruhembe, akasema mbele za watu kwamba mjane hana kazi na ghorofa. Zikatwe nondo, iezekwe bati, vyumba wagawane ukoo. Kesho yake Mama Tausi alipanda juu, akakunja vichwa vya nondo ili visimchome mtoto wa mtu, akafunga waya kutoka nondo hii mpaka ile, akaanika kanga zake.

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Mtaa mzima ulilisoma.

Basi. Kanga zikaanikwa, miaka ikaenda. Pasheni aliyoipanda uani ikakwea ukuta, ikafika juu, ikajizungusha kwenye nondo za upande wa mashariki. Halafu wakaja minana, wale ndege wa njano wenye makelele kama wapiga debe, wakaona waya, wakaona pasheni, wakasema hapa panatufaa. Wakachana majani ya mahindi ya jirani, wakasuka viota. Sasa hivi viota vinaning'inia kwenye vichwa vya nondo zile alizozikunja kwa mikono yake, kama taa za ukumbi wa harusi.

Wiki iliyopita nilipanda juu ya tanki langu la maji kabla jua halijachomoza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Jua likatoka upande wa hifadhi, likaja chini chini kama mwizi, likapita kwanza katikati ya viota. Kiota cha mnana kikipigwa na jua kwa nyuma kinawaka, unaona mpaka ndege anavyojigeuza ndani. Kivuli cha nondo kikalala juu ya zege lililolowa, kikashuka ukutani, kikavuka barabara, kikaja mpaka kwenye mlango wa studio yangu. Ukuta ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Nikabonyeza.

Sijisifu. Haya, najisifu. Ilikuwa picha kali kuliko zote nilizowahi kuziona, na nimeona nyingi, maana nyingi ni zangu.

Nimepiga majengo mimi. Mwezi uliopita nilikuwa Kilosa, nimepiga stesheni jioni, nimepiga yale maduka ya zamani yenye baraza ndefu, ambako ukuta huota mti kabla haujapakwa rangi. Utotoni Kimamba tulicheza kwenye maghala ya mkonge ambayo paa lilikuwa limetoboka, na jua la saa nne lilikuwa linaingia humo limeinama kama nguzo za kuegemeza. Ndiko nilikosoma. Wanaopiga majengo ya mijini wengi wanangoja jua liwe utosini, kila kitu kionekane. Jua la utosini linaua ukuta. Ukuta unataka mwanga wa kulala. Na unataka kitu chenye uhai kiuguse, jani, ndege, kanga yenye maji, ndipo unajua kama ni ukuta au ni kadibodi.

Nikaituma Morogoro. Kulikuwa na tangazo la maonyesho ya picha, mwanga na maumbile katika majengo ya mjini. Nikasema hao wananitafuta mimi, wamesahau tu kuandika jina.

Mratibu akapiga simu mwenyewe. Kijana, sauti ya mtu aliyelala vizuri. Akasema picha imepita, tena itachapwa kubwa, itatundikwa mlangoni kabisa, pale mtu akiingia anakutana nayo. Nilikaa chini. Nilikuwa tayari nimekaa, nikakaa zaidi.

Halafu akasema, "Ila zile nondo, bro. Zinaharibu mstari wa juu. Zisafishe, jengo lionekane limekamilika."

"Na viota?"

"Viota vinasomeka kama takataka. Acha ndege wawili watatu wanaruka. Pale juu weka anga tu."

Nikazisafisha.

Naandika hivyo hivyo ilivyo. Siku hizi simu inafuta kitu kwa kidole, hata chai haikupoa. Nondo moja, ya pili, pasheni, viota, kanga. Nikaweka anga. Nikaitazama, nikaona kweli imetulia, imekuwa kama nyumba za kwenye matangazo ya rangi. Nikaiweka stetasi na kwenye kundi la mtaa, nikaandika: MIKUMI YAENDA MOROGORO, MLANGONI! Pongezi zikamiminika. Hata fundi baiskeli ambaye hanipendi aliweka kidole gumba.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi akaja mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni wake, akasimama mbele ya kwa Mama Tausi.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kuchukua mzigo."

"Marahaba. Mzigo gani?"

"Nondo ulizokata. Nimeona kwenye simu umeshasafisha juu. Nikasema niwahi kabla ya wenzangu."

Mama Tausi akamwonyesha juu kwa mwiko wa uji. Yule bwana akatazama, akatazama simu yake, akatazama juu tena. Akaondoka na mkokoteni mtupu huku anajisemea. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nacheka. Nilicheka sana, shajara. Niliona ni kichekesho cha kuja kuandika hapa.

Jana sikucheka.

Jana aliteremka Mzee Kibwana kwenye bodaboda, kanzu imepigwa pasi, uso unang'aa kama mtu aliyealikwa kufungisha ndoa. Nyuma yake bodaboda ya pili na fundi wa kuezeka, futi kamba mkononi. Nilisikia kila neno, barabara yetu si pana, na mzee yule hajawahi kunong'ona maishani.

"Shemeji, umefanya jambo la busara. Limechelewa, lakini la busara. Nimemleta fundi apime bati."

"Bati la nini, shemeji?"

"Si umekata nondo? Picha imefika mpaka Ruhembe. Nimewaonyesha wazee, wote wamefurahi. Jumamosi tunakaa hapa tugawe vyumba, jambo liishe kwa heri."

"Toka barazani utazame juu."

Mzee akatoka. Akatazama. Minana wakampigia makelele. Akasema neno ambalo halijanitoka mpaka sasa:

"Basi picha imekutangulia tu. Mji mzima umeshaona. Kilichobaki ni msumeno."

Na akaongeza, "Hata huyo mpiga picha wako, jirani yako kabisa, ameona hazifai."

Fundi akapima. Nje tu, juu hakupanda, Mama Tausi alisimama kwenye ngazi na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Lakini alipima.

Walipoondoka, Mama Tausi akavuka barabara. Sijawahi kumwona akiingia studio kwangu bila kikombe cha uji mkononi. Jana mikono ilikuwa mitupu.

"Lenzi, nondo zangu ziko wapi?"

Nikaanza kueleza. Nikasema sanaa, nikasema mstari wa juu, nikasema Morogoro, mlangoni, watu wakubwa watapita. Nilieleza vizuri kweli. Ningekuwa namweleza mtu mwingine angenipigia makofi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, wewe ulipandisha ndoo siku ile. Kibwana ameomba kuzikata tangu arobaini, ameshindwa. Wewe umezikata kwa kidole, umekaa kwenye kiti."

Akarudi kwake.

Mimi mtu wa maneno. Nimebishana na askari wa mipaka wa nchi nne. Jana nikafunga studio kabla jua halijazama.

Usingizi haukuja vizuri, na ukweli lazima niuseme: sehemu kubwa ya usiku sikuwa namfikiria Mama Tausi. Nilikuwa naufikiria ule mlango. Nilikuwa nauona. Nimevaa koti, watu wanauliza nani kapiga, mimi natazama pembeni kama sisikii ili waulize tena. Nimeusubiri mlango ule tangu Lusaka, tangu siku niliposimama kwenye dirisha la studio moja ya mjini nikaona picha ya jengo na nikajua kwamba kumbe kuna kazi hii duniani. Studio yangu ina pazia lenye ghorofa za kuchorwa na mnazi wa kuchorwa, watu wanasimama mbele yake wapigwe picha waonekane wapo jijini. Mimi mwenyewe nimelichoka pazia lile. Nilitaka kitu changu kimoja kitundikwe mahali ambapo hakuna pazia.

Halafu alfajiri, mvua ilipoacha, nikatoka nje. Nondo zile pale. Viota vinadondosha maji. Ndege anaingia na mdudu mdomoni, anatoka mtupu, anarudi. Nikaitazama picha safi kwenye simu, nikatazama juu. Kwa mara ya kwanza nikaona nilichokitengeneza.

Nilikuwa nimelichukua jengo la kweli, nikaligeuza pazia.

Nikampigia mratibu. Nikamwambia picha inakwenda na nondo zake, viota vyake, na kanga ya Mama Tausi waya mzima, au haiendi.

"Mzee wangu, tuelewane," akasema. Juzi nilikuwa bro, leo nimezeeka. "Maonyesho ni ya usanifu wa majengo. Jengo ambalo halijaisha siyo usanifu, ni eneo la ujenzi."

"Kijana, mti ambao haujaacha kukua, siyo mti?"

"Hiyo ni methali?"

"Nimeitunga sasa hivi, unaweza kuiandika."

Akacheka kidogo. Si mtu mbaya, ndiyo shida yenyewe. Akasema anaelewa hisia, lakini wageni watakaokuja wanataka kuona maumbile na majengo yakiwa pamoja kwa uzuri. Nikamwambia mimi nimetembea, miji mikubwa nimeiona. Kule wanachukua mti wanautia kwenye chungu, wanauweka mbele ya kioo, wanauita maumbile. Hapa Mikumi ndege ameona chuma cha mjane akasema nitazalia hapa. Hakuna mhandisi aliyemwita. Sasa wewe unataka mwanga na maumbile kwenye jengo, Mungu amekupangia yote kwenye fremu moja, unaniambia nifute nibakize anga? Anga unayo hapo Morogoro, piga ya kwako.

"Mzee, tuna picha nyingine za kutosha."

"Najua."

"Basi tutaitoa."

"Itoe."

Na mji uliokwisha mimi nimeuona, nikamwambia, kila nchi wanao, wanauzungushia ukuta na wanazika watu humo. Lakini alikuwa ameshakata simu. Neno zuri kama hilo limepotea hewani, ndiyo maana naliandika hapa lisije likaliwa na mchwa.

Nikaweka simu chini. Acha wanaojifanya hawajali wasijali. Mimi nilijali. Nilikunywa maji vikombe viwili.

Kisha nikafanya kazi. Picha safi nikaitoa kila mahali nilipoiweka. Nikaweka ile ya kwanza, yenyewe, nikaandika kwenye kundi la mtaa kwa herufi kubwa: NONDO ZA MAMA TAUSI ZIPO. ALIYEZIFUTA NI MIMI LENZI, KWA UPUMBAVU WANGU NA SIMU YANGU. ANAYETAKA KUPIMA BATI AKAPIME KWAKE. Nikamtumia Mzee Kibwana ya peke yake, na shikamoo juu, maana adabu ni adabu. Hajanijibu. Ameona lakini.

Saa tisa nikavuka barabara. Nilibeba kamera, si kwa kupiga, mikono tu ilikuwa inataka kushika kitu. Mama Tausi alikuwa juu anaanua. Nikapanda. Nikamwambia habari ya Morogoro.

Akakunja kanga moja, akakunja nyingine. "Mlangoni kabisa walisema?"

"Mlangoni kabisa."

"Pole, baba."

Hiyo pole nusura initoe machozi, nikajifanya naangalia mawingu.

Nikamwambia Jumamosi Mzee Kibwana anakuja na wazee, na picha yangu mpya haitamzuia, yeye ameshaonja. Atasema nondo ni maneno matupu, miaka yote zimesimama hakuna kilichopanda. Mama Tausi akasema anajua. Akatembea mpaka upande wa magharibi, ambako hakuna pasheni wala viota, akaugonga ukingo wa zege kwa kisigino.

"Upande ule siwezi kugusa, wana makinda. Mpaka waruke. Lakini huku ningekuwa na matofali, ningeanza hata kozi moja, mstari mmoja tu wa tofali. Ukuta ukishaanza, umeanza. Nani atakuja kuezeka bati juu ya ukuta ulioanza?"

Shajara, mimi nina matofali.

Yapo nyuma ya studio, yamepangwa, yameota ukungu wa kijani, yanangoja chumba changu cha pili cha studio, chenye dirisha la mashariki, ambacho nimekichora kichwani mpaka kitasa. Wateja wote wameshakisikia chumba hicho. Nimejisifia nacho kabla hakijapata msingi. Kumbe na mimi nina nondo zangu, ila mimi zangu ni za mdomo.

Nikamwambia, "Mama, matofali yapo. Saruji tutaulizana na vijana wa stendi, kila mtu alete alichonacho. Kesho tunapandisha."

Akaniuliza, "Na chumba chako?"

Nikamjibu studio yangu tayari ina pazia la jiji zima, ghorofa ngapi mle, chumba kitasubiri. Akacheka. Tangu Jumapili hajacheka. Akashuka, akarudi na kikombe cha uji, tangawizi imezidi kama anavyoipenda yeye na si kama ninavyoipenda mimi. Nikanywa chote.

Sasa ni magharibi, naandika nimekaa mlangoni. Jua limeenda upande wa milima ya Vidunda na limegeuza kila kitu: vivuli vya nondo vimelala upande wa pili, vimeiacha studio yangu, vinaelekea kwenye kibanda cha uji. Minana wanagombania nafasi za kulala. Wapiga debe wawili wameshakuja kuuliza matofali yako wapi na kama kutakuwa na chai. Nimewaambia kutakuwa na chai, na kutakuwa na picha ya bure kila mmoja akiwa amebeba tofali, bila pazia.

Sina mlango Morogoro. Haya. Nina tanki la maji ambalo nikipanda naona kila kitu, na keshokutwa alfajiri mwanga utaingia upande wa viota kama kawaida yake, utapita juu ya zege, na kwa mara ya kwanza tangu marehemu aondoke utakuta kitu kipya upande wa magharibi cha kugonga. Tofali langu lenye ukungu wa kijani, likiwa na rojo mbichi chini yake. Nitabonyeza. Nitaweka stetasi. Itafika mpaka Ruhembe kabla ya Jumamosi, na itafika Morogoro pia, nitahakikisha.

Kozi moja tu. Mratibu, kidole chako kizima? Jaribu kuifuta hiyo.